Mkono Uliofunzwa na Redio

Kadi ya grafiki ikifa hapa Garsen, mwenye mashine huilaumu stima. Stima yetu ina makosa yake na sitaitetea: hupotea mchana, hurudi usiku kwa kishindo, na mashine isiyo na kinga huumia. Lakini kadi zinazofika mezani kwangu zikiwa zimekufa huja na alama, na alama hizo ninazisoma. Mkwaruzo mweupe karibu na tundu la skrubu. Pembe ya chipu iliyomeguka. Vidoa viwili vya lehemu mahali patupu, palipokuwa na kapasita. Hiyo si kazi ya stima. Kadi hizo zilikufa mashine ikiwa imezimwa na kifuniko kimetolewa, mikononi mwa mtu aliyekuwa akizisaidia.

Wazee wa kazi hii husema vijana wa siku hizi hawana subira. Mimi sikubali. Nimewaona vijana watulivu, wenye macho mazuri na nia njema, wakiharibu kadi kwa namna ileile moja. Kosa likijirudia hivyo kwa watu wasiojuana, basi mzizi wake umekwenda mbali kuliko tabia ya mtu. Hapa kwetu mzizi huo umo katika historia ya ufundi wenyewe, tangu ulipoingia vijiji vya Tana ya chini. Mkono wetu ulifunzwa na redio.

Kwetu ni Kilelengwani, ndani ya delta, kwenye ardhi ya mpunga na ndizi na miembe, ambako wafugaji hushusha ng'ombe kufuata maji kiangazi kinapozidi. Mto Tana una urefu wa kilomita 1,000 hivi, hakuna mrefu kuushinda Kenya nzima, na sisi tuko mwisho wake. Huko juu ulifungwa mara tano katika mabwawa ya Seven Forks: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo ndiyo yaliyotufikia. Stima yenyewe ilishika njia ya Nairobi na Mombasa. Mtoto wa delta wa wakati wangu alikunywa maji ya mto uliowasha taa za mji mkuu, na jioni akasomea koroboi. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililoamua tungejifunza nini, na kwa zana zipi.

Chombo cha kwanza cha umeme kuingia vijijini mwetu hakikungoja nguzo. Redio ya transista ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, na katika miaka ya 1960 ilikuwa imeenea Afrika Mashariki. Kiwanda cha Eveready kilipofunguliwa Nakuru mwaka 1967, mawe ya betri yakawa bidhaa ya duka la kijiji, kando ya sukari na sabuni. Sauti ya Kenya ilileta habari, salamu, matangazo ya vifo, na mpira uliotangazwa na Leonard Mambo Mbotela. Kijiji kisicho na nguzo hata moja kikawa na redio, na penye redio pakatokea fundi.

Fundi wetu alikuwa mjomba wangu. Wakulima walimletea redio zao na wafugaji vilevile, maana mtu anayelala malishoni na mifugo huihitaji redio kuliko aliye karibu na msikiti na jirani. Hakuwa na stima ya kupashia chuma cha kulehemu. Alikuwa na vyuma viwili vyenye ncha za shaba na mipini ya mti, na jiko la makaa: kimoja kikiwa kazini, cha pili kilikuwa motoni. Alipima joto kwa kukigusisha lehemu. Ikiyeyuka upesi na kung'aa, kimekuwa tayari. Lehemu ya wakati ule ilikuwa ya bati na risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183, na jiko la makaa lilifika hapo bila taabu. Zana nyingine zilikuwa koleo, kisu, mita ya mshale, na bisibisi moja iliyofungua kila kitu.

Kila kilichokuwa ndani ya redio ile kilishikika kwa vidole. Resista ya kawaida ilikuwa na mwili wa milimita 6 na miguu miwili ya waya iliyopenya bodi hadi upande wa pili. Njia za shaba zilikuwa upande mmoja tu, pana kiasi cha milimita moja au zaidi. Bisibisi ikiteleza na kukata njia, mjomba aliikwangua kidogo kwa kisu, akaiziba kwa tone la lehemu, na redio ikaimba kana kwamba haikuguswa. Mara nyingi ramani ya sakiti ilibandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma, kila kiungo na namba yake, hivyo hata kitu kikiungua kikawa majivu, ulijua kilikuwa nini na ukakitafuta Mombasa au Luthuli Avenue kule Nairobi. Nguvu yote ilikuwa volti 6 au 9, mawe manne au sita. Mjomba alifanya kazi redio ikiwa imewashwa. Alilowesha kidole kwa ulimi, akagusa mguu wa transista baada ya transista, na kwa mvumo uliotoka kwenye spika akajua sauti inakatikia wapi. Ulikuwa ufundi mzuri. Niliupenda, na bado naupenda.

Desturi zilizotokana nao ndizo ninazotaka zieleweke. Kufanya kazi chombo kikiwa na moto. Bisibisi moja kwa skrubu zote. Kilichogoma kutoka, kitiwe nguvu. Ukaidi wa chombo ulitokana na kutu au vumbi, na nguvu kidogo iliumaliza. Bodi chafu ioshwe kwa petroli na brashi. Na kubwa kuliko zote, desturi ya kumpa mwanafunzi kazi ya kufungua.

Hii ya mwisho ina historia yake. Serikali na makanisa walianza mapema kufikiria ufundi wa vijana; polytechnic za vijiji zilitokana na juhudi za Baraza la Makanisa mwishoni mwa miaka ya 1960, zikafundisha useremala, uashi na ushonaji. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na jua kali ikapata kibali cha serikali kwa mara ya kwanza. Mwaka 1992 ikatoka sera yake rasmi. Kulikuwa na mitihani ya ufundi kwa madaraja, ya tatu hadi ya kwanza. Yote hayo yalipita mbali na meza ya fundi redio wa delta. Yeye alirithisha kazi kwa kuketi na mtoto. Mtoto aliteka maji, alipuliza jiko, alitumwa chai, na alipoonekana ametulia akapewa bisibisi afungue redio, atoe skrubu, azitie kwenye kikombe. Kupima na kulehemu kulibaki kwa mkubwa. Mpango huo ulikuwa na akili kamili, kwa kuwa ndani ya redio hakukuwa na la kuharibu kwa kufungua. Hatari ilianzia kwenye chuma cha moto, na chuma alikishika mwenyewe.

Ingia leo karakana yoyote ya kompyuta kati ya Garsen na Malindi utazame ni nani anayefungua mashine. Ni mdogo kuliko wote. Fundi mkubwa yuko pembeni anaweka programu. Desturi imevuka kutoka redio hadi kompyuta bila mtu kuuliza kama bado ina maana, na ndani ya kompyuta mambo yamegeuka: kufungua ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote.

Kadi yenyewe haikuzaliwa dhaifu. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na kadi ya rangi yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16. Meno yake ya kuingilia kwenye soketi yalikuwa 62, kila moja likiwa mbali na mwenzake kwa zaidi ya milimita 2.5. Chipu zake zilikuwa na miguu iliyopenya bodi, sawa na viungo vya redio, na IBM walichapisha ramani nzima ya sakiti yake katika kitabu cha kiufundi ambacho mtu yeyote aliweza kukinunua. Fundi aliyelelewa na redio angekaa na kadi ile wakaelewana. Haikuwa na feni wala kipoza joto. Hata kadi za 3dfx Voodoo za mwaka 1996, zilizowashangaza wacheza michezo duniani, zilitoka zikiwa chipu tupu, bila kitu juu yake.

Kisha chipu zikawa na kazi kubwa na joto kubwa. Nvidia walipotoa GeForce 256 mwaka 1999, feni ilikuwa juu ya kadi, na kwenye kadi zenye nguvu haikuondoka tena. Mimi nauhesabu huu kuwa mwaka wa mgeuko kwa kazi yetu, na sijasikia fundi mwingine akiutaja. Feni ndiyo iliyoleta bisibisi juu ya kadi ya grafiki. Kadi isiyo na feni haina sababu ya kufunguliwa. Inavutwa, inapanguswa, inarudishwa. Kadi yenye feni hunyonya vumbi, na vumbi la Garsen wakati wa kiangazi halihitaji maelezo. Grisi ya kupitishia joto hukauka. Feni huanza kupiga kelele. Mwenye mashine huja na kusema, "Fundi, naomba uniangalilie, yachemka sana." Mtu anachukua bisibisi, anaitia kwenye skrubu iliyo milimita chache tu kutoka njia za shaba zisizoonekana vizuri kwa macho matupu.

Mwaka 2004 zikaanza kuuzwa kadi za soketi ya PCI Express. Meno sasa ni 164, milimita moja kutoka jino hadi jino. Soketi ina kilimi cha plastiki kinachoishika kadi kwa nyuma. Asiyekifungua huvunja kilimi, au hupinda bodi, au huondoka na kipande cha soketi. Soketi hutoa hadi wati 75, na kebo ya pini nane huongeza 150. Kebo ya prosesa nayo ina pini nane, lakini mahali penye chanya kwenye moja ni hasi kwenye nyingine. Maumbo yake yametofautishwa kusudi yasiingiliane. Mkono uliozoea kutia nguvu kilichogoma huyaingiliza. Kapasita zimefika urefu wa milimita moja na upana wa nusu milimita, nazo hazina miguu, zimelala juu ya bodi zikishikwa na lehemu pande mbili. Chipu kubwa imekaa juu ya vidonge vya lehemu zaidi ya elfu moja, vyote vimefichika chini yake. Bodi ni tabaka sita, nane au zaidi za shaba. Ramani ya sakiti haichapishwi tena. Ni siri ya kiwanda.

Jambo jingine lililobadilika halionekani kabisa. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vya elektroniki, na viwanda vya dunia nzima vikafuata. Lehemu mpya huyeyuka karibu na nyuzi 217. Mtu aliyezoea ile ya nyuzi 183 akiona haiyeyuki, hukandamiza chuma na kungoja, na shaba iliyo chini hubanduka kwenye bodi pamoja na lehemu.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda duniani. Kwetu yalichelewa, kisha yakaja yote kwa pamoja. Kenya ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, katika shirika la reli na kampuni ya umeme, lakini kwa mwananchi wa kawaida mashine ilikuja kama mtumba. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2002, lilikusanya kompyuta zilizotumika, likazikarabati na kuzipeleka shuleni. Wafanyabiashara nao wakaleta zao kwa makontena. Nyingi za enzi ile zilikuwa na kapasita mbovu zinazovimba na kutoa maji, ugonjwa uliozikumba mashine za dunia nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bodi ikishindwa kutoa picha, njia rahisi ilikuwa kuichomekea kadi ndogo ya grafiki ya mtumba. Hivyo kadi za kwanza nilizoziona Garsen zilikuja kutibu mashine iliyopoteza macho; hakuna aliyezinunua kwa mchezo. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, intaneti ikashuka bei, na saiba zikaenea hadi miji midogo, nyingine zikiendeshwa kwa jenereta.

Katikati ya mabadiliko hayo ukaja mwaka 2012. Mzozo wa maji na malisho, ulioiva wakati uchaguzi wa 2013 ukikaribia, uliua zaidi ya watu 50 Riketa tarehe 22 Agosti. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani. Waliuawa watu 38, wanawake na watoto miongoni mwao, na 9 walikuwa polisi waliopelekwa kulinda. Nyumba zilichomwa, na nyumba ikiungua huungua na kila kilichomo. Sitaandika hapa nani alimwanzia nani. Waliobaki hai wanaishi jirani na lazima waendelee kuishi jirani. Naandika lile linalohusu kazi hii. Familia zilitawanyika upande wa Witu, wa Malindi na wa Garsen, na vijana waliokuwa wamezaliwa kulima au kuchunga wakajikuta mjini bila shamba wala ng'ombe. Wengine wao waliketi kando ya mafundi wa simu.

Simu ilikuwa mwalimu wa pili wa bonde hili, na ninaamini ni mwalimu bora kwa anayetaka kugusa kadi. M-Pesa ilianza Machi 2007. Tangu hapo simu mbovu ilikuwa pochi iliyofungwa, na mwenyewe alisimama juu ya kichwa cha fundi mpaka ifunguke. Ndani ya simu kila kitu ni kidogo tangu mwanzo. Kijana aliyeanzia hapo hajui kutia nguvu. Anajua kibano, lenzi, flaksi, na blowa ya hewa moto inayopimwa kwa nyuzi. Anajua kwamba skrubu mbili zinazofanana huenda hazina urefu mmoja, na ndefu ikitiwa mahali pa fupi hutoboa bodi. Kwa hiyo huzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio wa zilikotoka. Anajua kwamba kufungua ni nusu ya kazi. Nikipata kadi iliyokatika njia ya shaba leo, simpelekei fundi wa kompyuta mwenzangu. Naipeleka kwa kijana wa simu.

Stima ya gridi ilifika Garsen kwa nguvu katikati ya miaka ya 2010, laini ya kilovolti 220 ilipovutwa kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu. Mwaka 2016 shule za msingi zikaanza kupokea vishikwambi vya serikali. Kazi za kompyuta zikaongezeka: kadi za harusi, mabango, picha za pasipoti, na zaidi ya zote video za harusi, ambazo kuzihariri kwataka kadi yenye nguvu. Kadi ya mtumba ya kiasi ni bei ya mbuzi, na nzuri ni bei ya ng'ombe. Ndipo gharama ya bisibisi kuteleza ilipopanda.

Mwenye studio mmoja wa video aliniletea kadi iliyokuwa imepelekwa kwingine kusafishwa feni tu. Grisi ilikuwa imekauka na kukigandisha kipoza joto juu ya chipu. Aliyeifungua alitoa skrubu zote sawasawa, akaona hakitoki, akaingiza bisibisi bapa pembeni na kukikwanyua. Kilitoka. Kilitoka pamoja na pembe ya chipu, na kapasita tatu zilizokuwa njiani. Ukiniuliza aliyeifanya kazi ile alikosea wapi, nitakwambia alifanya barabara kile ambacho mjomba wangu angefanya kwa redio. Njia ya kadi ni nyingine: uiwashe mashine dakika chache grisi ipate joto na kulainika, uizime, uchomoe waya wa stima, ubonyeze swichi ili mabaki ya umeme yaishe, kisha ukizungushe kipoza joto polepole kulia na kushoto, bila kukiinua, mpaka kiachie chenyewe. Skrubu zilegezwe kwa mshazari, kidogo kidogo, zisiache uzito wote upande mmoja wa chipu iliyo wazi.

Kuchomoa waya nako kunahitaji kusisitizwa, kwa kuwa tumetoka kwenye kazi ya mawe sita. Kompyuta ya mezani iliyozimwa kwa swichi ya mbele haijazimika. Volti 5 za kusubiri bado zimo kwenye bodi. Taa ndogo inayowaka ndani yake inakueleza hivyo, na wengi huiona wakaipuuza.

Sio kila jeraha ni kifo, na hapa ndipo uzoefu unapozaa matunda. Karibu na meno ya kadi kuna safu ya kapasita ndogo zinazopitisha mawasiliano kati yake na bodi. Ikidondoka moja, kadi huweza kuendelea kutoa picha, ila mapito yake ya data hupungua kutoka 16 hadi 8 au chini zaidi. Kapasita nyingi za kutuliza umeme zikikosekana moja, huenda usione tofauti. Lakini ukikata njia ya data ya kumbukumbu, skrini hujaa mistari na miraba ya rangi. Hii ni tofauti kubwa na maji tunayoyajua. Katika karne ya 19 mfereji wa Belazoni ulichimbwa kuunganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ipite. Maji yaliupanua mpaka mto ukahamia humo na kuingia baharini Kipini. Mto ukikwaruzwa hujitafutia njia. Shaba iliyokatwa husubiri mtu mwenye lenzi na waya mwembamba kuliko unywele, na ikiwa mkato umefika tabaka za ndani, husubiri bure.

Vitabu vya nje huanza na umeme tuli, na ni kweli kwamba mtu hahisi cheche iliyo chini ya volti 3,000 hivi wakati chipu inaweza kuumia kwa volti 100. Agiza mkanda wa mkononi ukiweza, na gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Lakini delta ni nchi ya unyevu, na unyevu huupunguza umeme huo. Kwa niliyoyaona mimi, bisibisi imeua kadi nyingi kuliko cheche. Baada ya bisibisi huja compressor ya kujazia matairi, ambayo hupuliza maji pamoja na hewa na kuizungusha feni mpaka ijigeuze jenereta. Baada yake huja bodaboda, inayobeba mashine na kadi nzito ndani yake kwenye barabara ya mashimo. Kadi ichomolewe, ifungwe peke yake, ndipo safari ianze.

Na yako mafuriko. Ya 2018 yalituhamisha, na yale yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yalikata barabara ya Lamu upande wa Gamba na Lango la Simba. Mashine zilizolala majini zilikuja zimejaa tope laini. Nyingi zilipona hadi zilipoanza kukwanguliwa tope kwa bisibisi. Tope likioshwa kwa maji safi na brashi laini, bodi ikisafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke siku kadhaa kivulini penye upepo, kadi iliyozama huweza kuwaka tena. Aliyezoea petroli huyeyusha plastiki za soketi na grisi ya feni.

Ninachotaka kibadilike si kikubwa. Kila karakana igeuze zamu: mkubwa afungue, mdogo atazame, na mdogo apewe bodi zilizokufa azifungue na kuzifunga mpaka mkono wake usahau kutia nguvu. Vyuo vya ufundi vya kaunti, vilivyo mikononi mwetu tangu ugatuzi wa 2013, viwaite mafundi wa simu wafundishe wale wa kompyuta, na mtihani wa ufundi umpime mtu jinsi anavyofungua kabla ya kumpima jinsi anavyotengeneza. Lenzi na seti ya bisibisi za saizi mbalimbali ni nafuu kuliko kadi moja ya mtumba.

Na wewe msomaji wa Kilelengwani, Ozi, Kipini, Witu au Hola, ukiwa na kadi mbovu, bodi iliyoungua au simu iliyozama, usiitupe mtoni wala usiichome. Ipeleke karakana iliyo karibu nawe umpe mwanafunzi. Kuna mikono inayoihitaji kabla haijakabidhiwa mashine yako nzima.